Chiriku Amefunga Mdomo

4 Machi

Mwanangu,

Marahaba hata kabla hujaniamkia. Nina miaka sabini na minane. Nimewazika kaka zangu wote wanne, na yule daktari aliyesema sitafika sitini nilimzika pia, jeneza nikalishika mwenyewe. Goti linauma kidogo tu. Wewe hujambo? Wagonjwa wako huko ng'ambo wanakuachia upumue?

Mwanao Chiriku ni mzima. Ni shule yake nisiyoielewa. Amekuja mwanamke wanayemwita mtafiti, eti anachunguza watoto wadogo wanavyojifunza Kiingereza. Ana kinasa sauti na chura wa kitambaa anayemvaa mkononi. Chura ndiye mwalimu! Mwezi mzima daftari la mtoto jeupe pe. Wanaimba, wanaruka, wanakaa, wanasimama. Mimi nilisoma madarasa mawili tu, lakini nilitoka na mwandiko, ndio huu.

Waliniletea karatasi nikubali sauti ya mtoto inaswe, pamoja na wino wa dole gumba. Wino nikausukuma kule, nikaandika jina langu lote. Lakini mtu hakusanyi sauti ya mtoto bure. Nimechukua hatua zangu.

Baba yako

27 Aprili

Baba, shikamoo.

Natumaini goti limepoa. Mimi mzima, ila nina dukuduku. Mwalimu wa darasa ameniandikia kwamba Chiriku hajatamka neno la Kiingereza wiki saba. Chiriku huyu huyu anayeongea hata akipiga mswaki! Akiulizwa, anatazama dirishani. Baba, unajua shule ya huku haimpokei bila ripoti kwamba anaelewa na anajibu. Mwisho wa kuituma ni tarehe kumi na mbili Juni. Nina miaka mitatu sijalala chumba kimoja na mwanangu. Hatua gani ulizochukua?

Mwanao

9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Goti zima. Unanihoji kama polisi.

Nimekwenda shuleni mwenyewe. Wakanikalisha kwenye kiti cha mtoto, magoti yakanifika masikioni. Mtafiti akasema, "Babu, usiwe na wasiwasi. Watoto wengi hukaa kimya miezi kadhaa, wanasikiliza kwanza. Hatumlazimishi." Wema wa namna hiyo ndio unaonitia shaka.

Labda mtoto hana kichwa cha lugha. Labda akae hapa hapa na babu yake. Unamharakishia nini?

Baba yako

20 Mei

Baba, shikamoo.

"Labda akae hapa." Sasa nimekuelewa. Sikuulizi tena.

Mwanao

13 Juni

Mwanangu,

Safari hii hukuniuliza hali, wala sikulaumu.

Ni mimi. Nilimwambia Chiriku, "Yule mama akikuuliza, kimya. Ukiongea Kiingereza watakuchukua, na babu atabaki peke yake." Akaniuliza, "Hata neno moja?" Nikasema hata moja. Akashika ahadi.

Jumamosi iliyopita nilisikia sauti nyuma ya banda la kuku. Chiriku amevaa soksi yangu mkononi, ile niliyoitafuta tangu Aprili, anawafundisha kuku Kiingereza. Kaeni, simameni, wimbo mzima, sauti ya yule chura hasa. Kuku walimpuuza. Jogoo alikaa.

Siku tatu nilitembea na jambo hilo kifuani. Ningenyamaza, angebaki. Siku ya nne, ndiyo juzi, nikaingia darasani. "Ongea, mjukuu wangu. Babu nimekuruhusu." Akatikisa kichwa. "Wewe kwanza, Babu."

Darasa zima linanitazama. Nikamwinamia chura wa kitambaa, nikamwambia, "Gudi moning, bwana mkubwa." Watoto wakaangua kicheko. Chiriku akasema sivyo inavyotamkwa, akanionyesha, na kuanzia hapo hakunyamaza. Alimweleza chura habari za kuku, za goti langu, za wewe. Mtafiti alibadilisha betri.

Bado simwamini yule mama. Ripoti waliyoiandika shuleni sikumpa mtu anibebee, nilimsimamia karani wa posta mpaka akaituma jana ile ile.

Njoo umchukue. Soksi ataondoka nayo.

Ukidhani nakutungia, muulize mwalimu wa darasa, aliyecheka mpaka akashikilia meza. Naye usipomwamini, kinasa sauti kipo, kina sauti yangu na ya Chiriku pamoja. Nimewaambia sitii sahihi tena mpaka nipewe nakala ibaki kwangu. Nilikwambia, mtu hakusanyi sauti ya mtoto bure.

Baba yako