Plagi Kavu

9 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na kwamba lile jino limekuacha ulale. Sisi huku hatujambo, ila mama analalamikia mgongo, na kuku mmoja ametaga ndani ya kiatu chako cha harusi. Tumemwacha aendelee.

Dereva wa lori alileta barua zako Ijumaa, yangu na ya wifi. Yake ilikuwa nene. Usinicheke, lakini niliziweka moja moja kwenye mizani ambayo mama anapimia sukari dukani. Yangu haikutikisa mshale.

Wifi ameanza kazi zahanati. Muuguzi mkuu amempa miezi mitatu ya majaribio, na amemwambia mbele ya watu, "Mimi sina maneno mengi. Ukichelewa mara tatu, unabaki kwenu." Kwa miguu ni mwendo wa saa moja na nusu, kwa hiyo mama alimkabidhi ufunguo wa pikipiki. Mimi sikuulizwa. Najua ni pikipiki yako na yeye ni mke wako. Lakini miaka mitatu hii, nani kila jioni aliifuta vumbi, akafunga koki ya mafuta, akaifunika turubai? Ulisema isilale koki ikiwa wazi, na mpaka leo haijalala hivyo.

Jumatatu iliwaka vizuri, wifi akatupungia mkono kama bibi harusi. Alipofika kwa fundi cherehani ikazima. Unajua mtaa mzima unaiita Bi Mkubwa, kwa kuwa ulikuwa nayo kabla hujaoa. Basi fundi akatoka nje na futi yake shingoni: "Pole, shemeji! Bi Mkubwa amekataa kumbeba mke mwenzake!" Wifi aliisukuma mpaka nyumbani, akaenda kwa miguu, akachelewa. Hiyo ni mara ya kwanza.

Jioni nilipotoka shule niliipiga kiki moja tu, ikanguruma. Mama akasema, "Hii inamjua mwenyewe." Nilifurahi, kaka. Tatizo litakuwa nini?

Mdogo wako,
Msomi

16 Februari

Msomi wangu,

Marahaba. Jino nimeling'oa, sasa nacheka upande mmoja. Mpe mama pole ya mgongo. Huyo kuku mwambie kiatu kile nilinunua kwa jasho.

Barua yako nimeisoma mara mbili mbele ya wenzangu wa kazi hapa kambini. Kila mmoja ana dawa yake, lakini hakuna anayeijua pikipiki ile kama wewe, kwa hiyo nakuomba uwe macho yangu. Usiipeleke kwa fundi wa kona. Yule hufungua hata kisichoumwa.

Ikizima tena, anza na vitu vya kijinga, maana ndivyo vinavyotuaibisha. Angalia ile swichi nyekundu ya kuzimia, iliyo karibu na mkono wa kulia, isije ikawa imebonyezwa. Tikisa tangi usikie kama kuna mafuta. Toa chujio la hewa ulikung'ute. Halafu ifungue plagi, uirudishe kwenye kofia ya waya wake, uigusishe na chuma cha injini, na mtu mwingine apige kiki. Nataka kujua cheche ina rangi gani, na plagi yenyewe imelowa au ni kavu. Hilo la mwisho usilisahau.

Wifi yako akusaidie. Ana mkono mwepesi. Ameniandikia kwamba unajua mambo mengi ila humwambii hata neno moja. Kweli?

Kaka yako

22 Februari

Kaka,

Shikamoo. Natumaini fizi imepona. Mama anasema anatumia mafuta ya kuchua na anaona nafuu.

Wifi amechelewa mara ya pili. Alikuwa ameamua kutembea tu, lakini Jumatano jioni niliiwasha nikazunguka nayo uwanjani mara tatu, wote wakiangalia, ikawa haina kikohozi wala kigugumizi. Kwa hiyo Alhamisi akaiamini. Ikamzimikia palepale kwa fundi cherehani. Sasa fundi huyo anaweka kabisa kiti nje asubuhi.

Leo Jumamosi tumefanya vipimo ulivyosema. Wifi aliiendesha, ikazima, tukaisukuma mpaka uani. Swichi nyekundu haina neno. Tangi limejaa zaidi ya nusu. Chujio lilikuwa na vumbi kidogo, nimelikung'uta. Nilimwambia wifi ashike kofia ya plagi, nami nikapiga kiki. Cheche ni ya bluu, nzuri sana, na nyingine ilimpiga kidoleni. Alipiga yowe, kisha akacheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga. "Wifi, umeniua!" Nilikaribia kucheka naye. Nilijizuia.

Plagi ni kavu. Nilipiga kiki kama ishirini na bado ilikuwa kavu, haina hata harufu ya petroli.

Aliniuliza kwa nini jioni inaniwakia mimi. Nilimjibu kwamba sijui, labda imenizoea. Kuhusu ulivyouliza, si kweli kwamba simwambii neno. Huwa namwamkia.

Jana alivaa lile koti lako la mvua. Linamfika magotini. Mama alisema limempendeza.

Mdogo wako,
Msomi

28 Februari

Msomi,

Marahaba. Mimi mzima. Barua hii ni fupi kwa sababu dereva ameshawasha lori.

Wewe ni shahidi mzuri kuliko unavyojitakia. Cheche ipo. Mafuta yapo kwenye tangi. Plagi ni kavu hata baada ya kiki ishirini. Maana yake mafuta hayafiki kwenye injini. Kati ya tangi na injini kuna kitu kimoja tu kinachofungwa kwa vidole viwili. Ukikifunga, pikipiki inawaka kwa yale machache yaliyobaki kwenye kabureta, inakwenda hatua mia tatu, inazima. Kutoka nyumbani mpaka kwa fundi cherehani ni hatua ngapi?

Nakuamini kwamba ile Jumatatu ya kwanza ulifunga kwa mazoea. Kosa langu hilo. Pikipiki aliyojifunzia wifi yako chuoni ilikuwa ya kubonyeza kitufe, haikuwa na koki ya kufungua, nami sikumwonyesha kwa sababu sikuzote ulikuwepo wewe. Lakini Jumatano uliizungusha uwanjani, kisha ukaifunga tena.

Sitamwambia. Mwonyeshe wewe, kabla ya Jumatatu. Katika barua yake nimemwandikia tu kwamba aiamini pikipiki, mdogo wangu ameshalijua tatizo.

Kaka yako

20 Machi

Msomi,

Habari za siku nyingi? Lori limekuja mara tatu bila neno lako. Mama hajambo? Shule?

Nimepata barua ya wifi yako. Anasema ile Jumatatu aliondoka kwa raha zake, kwa kuwa niliandika kwamba umeshalijua tatizo, ikamzimikia tena, akachelewa mara ya tatu. Anasema muuguzi mkuu hakumgombeza hata kidogo, alimwonyesha saa ya ukutani, basi, kazi ikaishia hapo. Hakukutaja kwa ubaya. Anadhani ulijaribu kuitengeneza ukashindwa, na anaona haya kukuuliza asije akakuumiza.

Nimeisoma hiyo sentensi mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Msimamizi wa kambi amenipa chumba chenye mlango wa kufunga. Nimemwambia wifi yako aje tukae huku, labda atapata kazi kwenye kibanda cha huduma ya kwanza. Ataondoka na lori la tarehe ishirini na saba. Pikipiki itabaki kwako.

Sikuandikii kukukaripia. Nataka barua yako.

Kaka yako

27 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mama mzima, shule nzuri, mimi sijui nikwambie nini kuhusu mimi.

Ile barua yako ya mwisho wa Februari ilifika Jumamosi, ikiwa imebaki siku nzima ya Jumapili kabla ya Jumatatu uliyoitaja. Niliisoma nikaamua kumwonyesha wifi koki baada ya chakula. Kisha nikamsikia chumbani kwenu akisoma yake. Alikuwa anacheka peke yake, ukurasa baada ya ukurasa. Yangu ilikuwa imeshaisha. Nikatoka uani, nikafunua turubai, nikashika koki. Nilisimama pale mpaka mama akaniita nikaoshe vyombo. Sikuifungua. Jumatatu asubuhi alinishika bega akasema, "Asante, wifi, kaka yako kaniambia." Hata hapo ningeweza kusema. Nilimfungulia geti.

Nilitaka jambo moja tu, niwe yule unayemwandikia kwanza. Sasa utakaa naye chumba kimoja, wala hutahitaji kumwandikia. Nimekuletea mimi mwenyewe.

Jana nilikwenda zahanati baada ya shule. Nilimwambia muuguzi mkuu kwamba kosa lilikuwa langu, si la wifi. Ikabidi nirudie. Akasema, "Umekuja vizuri, mwanangu, lakini nafasi ilijazwa wiki iliyopita."

Leo nimemwambia wifi mwenyewe. Alikuwa anakunja sare yake, ile nyeupe. Nilimwambia yote, ya Jumatatu zote mbili, ya Alhamisi, na ya Jumamosi tulipopima plagi.

"Yaani siku ile cheche iliponipiga, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na mimi nikacheka."

Nilimwambia samahani. Akaikunja sare, akaikunjua, akaikunja tena.

"Wifi, kwetu mimi ni wa mwisho. Sijawahi kuwa na mdogo. Nilikuwa namwambia kaka yako, huyu mtoto atanizoea tu, mwache." Kisha akafunga zipu ya begi. "Umemwandikia?"

"Bado."

"Mwandikie. Yote. Bahasha usiifunge, nitaibeba mimi na nitaisoma njiani. Ukipunguza hata neno moja, nitaliongeza kwa mkono wangu."

Sijui kama amenisamehe, na sikumwuliza. Lori linapiga honi kule barabarani na yeye amesimama mlangoni, ameshavaa koti lako. Nimeisoma barua hii tangu juu. Sijapunguza kitu. Nampa.

Mdogo wenu