Lengalenga na Karto (Boksi) ya Biskuti

Mujukuu wangu Nadine,

Jambo yako huko mbali. Huku Kampemba, mu Lubumbashi, tuko bazima, ni magoti yangu tu inalalamika. Unauliza kama ununue dawa ya farmasi juu tumbo yako imefungwa, hauendi choo. Acha bujinga.

Wakati ya pillage, bantu na basoda banavunja maduka na kuiba, babu yako naye aliiba karto ya biskuti, akakula ile tu siku tano. «Lengalenga yako, ile mboga ya majani, ni ya mbuzi,» akaniambia. Tumbo ikafungwa, akalia. Nikamulisha lengalenga na bugali ya bunga yenye haikuchungwa, yenye iko na makapi yake.

Kesho yake basoda bakafika kutafuta bintu byenye bantu baliiba mu maduka. Karto iko chini ya kitanda. Saa ile ile lengalenga ikafanya kazi: babu akakimbia, bakamufuata na bunduki mpaka ku mulango ya choo, bakizani anaenda kuficha kitu. Bakasikia tumbo yake inafunguka. Mukubwa yao akacheka: «Twende. Uyu ametoa yote yenye alificha.»

Enda sokoni, mama. Nunua majani, hapana dawa.

Nyanya yako