Nilimsahihishia Baba Mkwe Barua kwa Kalamu Nyekundu

Mama Tryphena, shikamoo, nisikilize kabla Jumamosi haijafika maana hapa nilipo hata chai hainishuki, mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja hapa Voi, nimemchumbia Elsie wa Mbololo, na majuzi babake, Mzee Obadiah, karani mstaafu, alituandikia barua ya Kiingereza kutualika kwenye mazungumzo ya mahari, nayo ikanikuta katikati ya insha za kidato cha tatu, na Mama, mkono una mazoea yake, nikaona koma zimemwagwa kama mahindi ya kuku, mbuzi na blanketi zimepewa herufi kubwa kana kwamba ni majina ya watu, nikazungushia kila kosa kwa wino mwekundu na chini nikaandika kumi na moja kwa thelathini, rudia kazi, nikacheka peke yangu nikaenda darasani, huku nyuma mjomba wangu Katuku, ambaye hasomi Kiingereza, akaikuta mezani, akadhani yale mekundu ni mapambo, akaandika nyuma yake kwamba tumekubali kuja, akaipeleka Mbololo kwa mkono wake mwenyewe.

Elsie alinipigia simu akilia. "Babangu umempa kumi na moja? Huyo mzee aliandikia watu barua za kazi miaka thelathini, na walikuwa wanaandikwa!" Sasa Mzee ametuma neno: Jumamosi tutazungumza Kidawida pekee, lugha ya kwao, bwana harusi aongee mwenyewe, bila mkalimani, na wazee watakuwa wanasahihisha. Mimi ni Mkamba, Kidawida changu kinaishia kwa salamu na bei ya ndizi. Niahirishe? Nimtume rafiki yangu Lewis aongee kwa niaba yangu? Na tukisema ukweli, Mama, makosa si ni makosa?

Musyimi, Voi

*

Wewe Musyimi, marahaba, na pole, lakini pole yenyewe ni ndogo. Barua yako nimeisoma nikakosa pa kupumulia. Mwalimu mzima unatoka kwenye shikamoo mpaka Mbololo bila nukta, halafu unamhesabia mzee wa watu koma? Nyani haoni kundule.

Na huyo mbuzi aliyeandikwa kwa herufi kubwa, kosa liko wapi? Siku ya mahari hakuna mgeni mkubwa kumshinda yeye. Wewe unaweza kuchelewa na mazungumzo yakaendelea. Mbuzi akikosa, watu wanarudi nyumbani.

Ndiyo, makosa ni makosa, darasani, kwa watoto waliokuja kusahihishwa. Mzee Obadiah hakukuletea insha. Alikuvalia Kiingereza chake cha ofisini kama koti la Jumapili, kwa sababu binti yake anaolewa na mwalimu na hakutaka aonekane mshamba. Hilo ndilo linalonichoma mimi, na linamchoma Elsie zaidi.

Usiahirishe. Lewis mwache nyumbani, kwani ni yeye anayeoa? Katuku msimlaumu, yeye alipeleka barua alivyoikuta. Leo jioni nenda kwa Mdawida yeyote jirani yako, akufundishe maneno matatu tu: nimekosa, nisamehe, nampenda. Jumamosi yaseme mbele ya wazee wote, vibaya hivyohivyo, ulimi ukiteleza usimame uendelee. Watakucheka. Kubali, na ukiweza cheka nao, lakini usimweleze mtu kanuni yoyote ya lugha yoyote mpaka mfikishe mwaka kwenye ndoa.

Na ile kalamu nyekundu uende nayo. Kabla hujafungua mdomo, mkabidhi Mzee kwa mikono miwili, uinamishe kichwa. Akikupa kumi na moja kwa thelathini, mshukuru. Ni kwa barua ya alama hizohizo alikuwa amekubali kukupa Elsie.