Sauti Chini ya Miguu ya Dada

Shangazi, shikamoo. Nishike mkono maana sina wa kumwambia, mimi ni fundi wa bodi za magari, na mume wa dada yangu alipofariki ghafla, hata dada hakuwahi kumuaga, aliacha gari ambalo dada analitunza kama mboni ya jicho, sasa mvua zilipokaribia akaniomba nilipake chini ile dawa nyeusi ya kuzuia kutu, maana barabara yetu hujaa maji na upepo wa chumvi hausazi chuma, nami kwa kiburi cha ufundi nikalipaka siku ileile niliyoliosha, halijakauka, kutu sijaikwangua, na vile vitundu vya kutolea maji chini ya sakafu nikaviziba vyote, likawa jeusi tii, dada akanikumbatia akalia.

Mvua zimekwisha miezi mitatu sasa, jua linachoma, lakini kila dada akikata kona kitu kinanong'ona chini ya miguu yake, kushoto, halafu kulia, halafu kimya. Akaniambia huku anatabasamu, "Mdogo wangu, ni shemeji yako huyo. Nikimsalimia ananijibu." Tangu hapo anakula, analala, anapeleka watoto shule akizungumza na sakafu ya gari, na yule mtoto wake mdogo naye anainama kumwamkia baba yake.

Najua ni maji niliyoyafungia humo. Lakini juzi mchana nililala chini ya gari, nikagonga mara tatu kwa bisibisi, na ndani pakagongwa mara tatu. Nilitoka mbio nikaacha kiatu. Nikisema ukweli namuua shemeji mara ya pili. Nifanyeje?

Fundi Mwoga

Marahaba, Fundi. Poleni kwa msiba, na huruma yangu inaishia hapo. Fundi mzima unapaka dawa juu ya kutu na maji? Mficha maradhi, kifo humuumbua, ila hapa hakitakuumbua wewe, kitawapata watoto wanaokanyaga sakafu hiyo kila asubuhi. Juu panameta, ndani chuma kinaliwa, na siku kikiachia kitaachia barabarani.

Kuhusu huko kugongwa, nilimuuliza fundi wangu. Akasema ni magamba ya kutu yanabanduka na kuanguka. "Mara tatu?" nikamuuliza. Akaanza kunieleza habari za matairi.

Leo hii kachukue ufunguo wa gari. Mwambie dada yako, "Nilikosea, hayo ni maji." Atakasirika, na ana haki. Zibua vitundu, liache likauke kabisa, kwangua mpaka chuma safi, palipooza kata uunge bati jipya, ndipo upake, na vitundu uviache wazi.

Ila usizibue peke yako. Gari likiwa juu ya shimo la gereji, mwache dada aketi kwenye kiti chake wakati maji yanatoka, amuage mumewe kwa nafasi. Na yakiisha kutoka, Fundi, usigonge tena.