Nilivyokwenda Nyakanazi Kusikiliza Feni

Jumapili jioni, Kibimba.

Mvua iliyonikuta njiani imekatika sasa hivi, na mabati yamenyamaza. Leo nina furaha ya kijinga, ile ya kumfanya mtu mzima acheke peke yake akiwa anaosha vyombo. Nimenunua laptop. Nasema laptop ya maana, ya akiba ya misimu miwili. Naandika haraka kabla sijaanza kuisimulia kwa mdomo, maana nikifika mbele ya wanakwaya najijua, lazima nitatia chumvi.

Kwa asiyenifahamu, mimi ninarekodi kwaya. Nina chumba kimoja nyuma ya nyumba yetu, magodoro yamepigiliwa ukutani, na maikrofoni mbili ninazozitunza kuliko vyombo vya kabatini. Kwaya za vigango vya parokia yetu zinakuja, na mara moja moja anakuja mtu wa kutangaza mnada. Lakini kilichonikosesha raha mwaka mzima siyo kwaya. Ni bibi yangu.

Bibi Leokadia anaishi Kirushya na mbuzi wake wawili. Ndiye mtu pekee ninayemjua aliyebaki na nyimbo zetu za Kihangaza za kumuaga bi harusi, zote, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wenzake waliokuwa wakimwitikia wametangulia mbele ya haki. Na sauti yake inapungua. Zamani akiimba jikoni ulimsikia ukiwa barabarani, sasa hivi ukikaa mlangoni unatega sikio. Nisipozirekodi mapema zitabaki vipande vipande kichwani mwangu, na kichwa changu hakiaminiki.

Mwaka jana nilijaribu. Bibi hawezi kuimba akiwa amekaa bure, lazima apukuchue maharage. Anasema mikono ikilala na wimbo unalala. Sawa, nikampa maharage yake, nikawasha laptop yangu ya zamani, na chumba chake ni kidogo kiasi kwamba hakuna pa kuificha. Feni ikaanza kunguruma. Nikajipa moyo kwamba kuna programu ya kuondoa kelele, nitasafisha nyumbani.

Nikasafisha. Programu ikaondoa feni, ikaondoa maharage, ikamwondoa na Bibi nusu, kwa sababu kwa programu ule mchakacho wa maganda na ule mvumo wa feni ni kitu kimoja. Kilichobaki ni Bibi anayeimba kutoka ndani ya ndoo.

Nilifuta yote. Nililia pia, sitadanganya.

Ndipo nikaanza kujifunza sifa za laptop, nami nikishika jambo sina simile. Nilisoma miezi. RAM nilitaka gigabaiti thelathini na mbili, kwa sababu sauti za kinanda, besi na ngoma ninazowawekea wanakwaya zinakaa humo, na RAM ikiwa ndogo wimbo unakatika katikati ya "utuhurumie". Prosesa nilitaka ya kizazi cha karibuni. SSD terabaiti moja, kwani misa moja nzima inakula nafasi kuliko picha za harusi tatu. Betri ya saa nyingi, kwa sababu umeme tunaujua. Na matundu ya kutosha, nichomeke vifaa vyangu bila kuning'iniza vigawanyio.

Hadi hapo nilikuwa na akili timamu. Halafu nikaanza kutaka taa.

Naomba nieleze, aibu yangu mwenyewe. Biharamulo mjini kuna jamaa mwenye studio, na laptop yake ni ile ya gemu, herufi zinawaka bluu, zinageuka zambarau, zinageuka nyekundu. Kwaya mbili zangu zimehamia kwake. Wakisimulia hawataji sauti hata siku moja, wanataja taa. Nilikuwa najua kabisa kwamba bei kubwa ya mashine ile imelala kwenye kadi ya michoro, ile inayochora picha za gemu, na mimi sichori kitu. Kujua nilijua. Ila kila nikilala naiona inawaka.

Basi nikampata Fadhili, kaka mmoja wa Mwanza anayeuza laptop za hali ya juu. Alikuwa anapeleka mzigo Kibondo, akasema Jumamosi atashuka Nyakanazi, tukutane hapo. Nikamwomba abebe mbili: ile ya taa, na moja ya kijivu isiyo na kadi hiyo ya michoro, ambayo yeye mwenyewe aliitaja kwa unyonge, kana kwamba anamtaja ndugu asiyefanikiwa. RAM na SSD za mbili hizo zilikuwa sawa.

Mpango wangu ulikuwa safi. Nimebeba kwenye flashi wimbo wangu mzito kuliko zote, wenye sauti arobaini na kitu zinazolia kwa pamoja. Nitaupiga kwa kila mashine robo saa nzima mpaka ipate moto, kisha nitasikiliza feni. Mashine inayonguruma haiendi kwa Bibi, iwe na taa isiwe na taa. Niliwaza kila kitu isipokuwa kimoja.

Kwamba Nyakanazi ni Nyakanazi.

Anayepajua ameshaanza kucheka. Malori ya Rwanda na Burundi yanaingia moja baada ya jingine, yanapiga breki za upepo. Makondakta wanaita Kahama, wanaita Kibondo, wanaita Biharamulo, wote kwa wakati mmoja. Mhubiri alikuwa na spika, muuza kanda za injili alikuwa na spika kubwa zaidi, na walikuwa hawaelewani. Na mimi nimetoka Kibimba alfajiri, nimepanda gari mbili, nimekuja hapo kusikiliza feni ndogo ya laptop. Ukipewa Kagera nzima uchague pasipofaa, huwezi kunishinda.

Tulikaa kwenye banda la chakula la Mama Kulwa, mama wa Kisukuma mwenye mwili na sauti. Nikawasha ya taa, nikaweka wimbo, nikalaza sikio juu ya herufi. Sikusikia kitu zaidi ya lori. Nikageuza sikio la pili.

Mama Kulwa akaacha mwiko. "Inaumwa?"

"Nasikiliza inavyopumua, mama."

"Inapumua?"

"Sisikii."

"Basi imekufa, usinunue."

Fadhili aliona aibu kwa niaba yangu. Akaniambia kwa upole, kama mtu anayemrudisha mwenzake kwenye njia, "Dada, feni siyo sifa. Miaka yote nauza, hakuna aliyeniuliza feni. Uliza kadi." Halafu akaanza kunionyesha namna ya kubadilisha rangi za taa, na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kuchagua rangi.

Pembeni yetu alikuwa amekaa dereva wa lori, mtu mzima wa Tanga, anakula ugali na sangara. Alikuwa anatuangalia muda wote na sasa akashindwa, akacheka mpaka akaweka tonge chini. Akauliza hiyo mashine nataka kuifanyia nini hasa. Nikamweleza habari za Bibi na maharage na ndoo. Akaacha kucheka. Akasema lori lake ni lile pale, limezimwa, na akipandisha vioo hata breki za wenzake hazisikiki. Twende tukasikilize humo.

Nilisita. Kupanda lori la mtu nisiyemjua, Nyakanazi, na laptop mbili za bei mbaya mkononi? Bibi angenichapa. Lakini Mama Kulwa alishavua aproni. "Naenda naye," akalitangazia banda zima. "Wali wangu uangalieni."

Ndivyo tulivyojipata wanne ndani ya kabini, mimi na Mama Kulwa kwenye kitanda cha nyuma, Fadhili na dereva mbele, vioo juu, rozari inaning'inia bila kutikisika. Kimya kikaingia. Sijui niseme vipi raha niliyoipata.

Tukaanza na ya taa. Dakika ya tano ilikuwa na adabu. Dakika ya nane ikaanza kuvuta pumzi. Dakika ya kumi ilikuwa inanguruma kabisa, taa zinacheza zambarau usoni kwa Mama Kulwa, na yeye akasema mashine ya kusaga ya kijijini kwao Shinyanga ina haya kuliko hiyo. Fadhili akajitetea kwamba mashine yenye nguvu lazima ijipoze. Ni kweli, hakukosea. Ila nguvu yenyewe haikuwa ya kazi yangu.

Tukaweka ya kijivu. Wimbo uleule, robo saa ileile. Jasho linatutoka, hakuna anayesema kitu, kila mtu anajizuia hata kumeza mate. Nilikuwa nasikia pumzi ya Mama Kulwa, nasikia saa ya dereva mkononi mwake. Mashine sikuisikia.

Dereva akageuka taratibu, akanong'ona, "Imezima?"

Nikamgeuzia kioo. Ilikuwa inafanya kazi, sauti zote arobaini na kitu zinapanda na kushuka, chini pana uvuguvugu tu. Mama Kulwa akapiga goti langu kofi la nguvu. "Kizuri chajiuza," akasema, "kibaya chajitembeza!" Na kweli, tangu asubuhi, ile ya kijivu ilikuwa haijanadiwa na mtu.

Sikununua papo hapo, sikuwa mjinga kiasi hicho. Niliingia kwenye mipangilio nikahakikisha RAM iliyomo ndiyo iliyoandikwa, nikaangalia afya ya betri, nikachomeka kifaa changu cha sauti kwenye kila tundu, ndipo nikalipa. Fadhili alinivumilia mpaka mwisho, na nadhani amejifunza, maana tulipoagana aliniomba nimwachie nakala ya ule wimbo mzito awe anajaribia. Ile ya taa niliifunika mwenyewe. Naikumbuka bado kidogo, siyo siri.

Leo baada ya misa nikaenda Kirushya.

Bibi alikuwa kwenye mkeka, maharage tayari. "Shikamoo Bibi." Akaitikia marahaba, akautazama mkoba wangu kwa mashaka. "Umekuja na ile inayokoroma?" Nikamwambia ile imestaafu. Nikaiweka mpya hatua mbili kutoka alipo, ikitumia betri, nikavaa visikilizio.

Akaimba wimbo wa kumtoa bi harusi nyumbani, ule tunaoujua wote. Nilisikia ganda linapasuka. Nilisikia punje moja moja zinaanguka kwenye ungo. Nilisikia pumzi anayoivuta kabla ya kila mstari, pumzi ambayo miaka yote sikujua kama ipo.

Alipomaliza nikamvisha visikilizio ajisikie. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imesimama, kitu ambacho sijapata kukiona kwa Bibi. Kisha akavivua, akasema kwa Kihangaza, "Huyu mama anaimba vizuri. Ila ameruka."

Ameruka nini? Akajivutia rundo jingine la maharage, akanionyesha kwa kidevu nibonyeze.

Akaanza upya. Nenda mwanangu, usigeuke nyuma, kwenu sasa ni kule. Maneno yaleyale yaliyonitoa mimi machozi siku yangu. Na pale wimbo unapokwisha, mahali ambapo harusi zote watu hupiga vigelegele, Bibi hakuishia hapo. Aliendelea. Ulikuwa ubeti ambao sijawahi kuusikia popote, sauti imeshuka chini kabisa, chini kuliko maharage. Kwa Kiswahili ni kama hivi: ukichoka, njia unaijua, mlango wetu haufungwi, ni wa kusukuma tu.

Sikugusa kitu mpaka alipomaliza.

Halafu nikamuuliza. Bibi, siku nilipoolewa uliimba wewe mwenyewe. Uliishia kwenye usigeuke nyuma. Huu ubeti ulikuwa wapi?

Alicheka mpaka punje zikamwagika mkekani.

"Kwako wewe? Ningeuimba, ungerudi kesho yake asubuhi. Nilikuwa nakufahamu."

Faili nimelihifadhi mahali patatu. Njia nzima ya kurudi, kwenye matope, nilikuwa najiuliza kama kweli ningerudi. Mume wangu huwa anasoma hapa, kwa hiyo jibu nimelipima vizuri kabla ya kuliandika.

Ningerudi. Tena hiyo asubuhi nisingeingoja.