Dada Anafumua Nguo Zilizokwisha

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie, mwenzio nimechoka mpaka kuchoka kwenyewe kumenichoka. Nashona katika duka moja na dada yangu mkubwa, na tangu utoto yeye ndiye wa kutandika kitanda mara mbili na kurudi kuangalia mlango, mama akawa anacheka kwamba huyu ataolewa na pasi, na kwa kweli tabia hiyo ndiyo iliyotuletea wateja, wakamwita Fundi Makini, ila mwaka huu mambo yamegeuka, anamaliza gauni zuri, analitundika, halafu analishusha na kulifumua lote kwa wembe, anashona, anafumua tena, vidole vimejaa makovu, chakula hagusi, na mimi nangoja aende msalani ndipo nimkabidhi mteja nguo yake haraka haraka kama mwizi. Nikimwambia, "Dada, hii imekwisha," ananijibu, "Najua, mdogo wangu, lakini mkono haukubali." Juzi alinipa ufunguo wa duka, akasema nisimrudishie hata akilia, nikacheka nikamrudishia. Mume wangu anasema mpeleke hospitali, mama anasema kazaliwa hivyo, tabia haina dawa, nami naogopa watu watasema kawa kichaa. Hii ni tabia au ugonjwa?

Mdogo mtu

Mdogo mtu, pole sana. Kufanya kazi ya watu wawili na juu yake kutunza siri si mchezo. Lakini ngoja nikugombeze. Mtu mzima anakupa ufunguo, anakuomba umzuie, nawe unacheka? Alikuwa anaomba msaada kama unavyoniomba mimi.

Umakini si ugonjwa. Wako wengi wanaorudi kuangalia mlango, kisha wanalala usingizi wao. Mwenye tabia tu hufurahi nguo ikiisha. Dada yako anajua imekwisha na bado hawezi kuacha, hali chakula, anajikata vidole. Hapo tabia imeshapitwa. Mama hakukosea, kazaliwa makini, na ndiyo maana hamkuona: ugonjwa ulijificha nyuma ya sifa, nanyi mkaendelea kuusifia.

Watu waache waseme, midomo yao hamtaishona nyinyi. Acha kutoa nguo kwa kunyata. Kesho funga duka, mwende nyote wawili kliniki ya afya ya akili. Matibabu yapo, ya mazungumzo na ya dawa, na wengi hupata nafuu. Daktari akiuliza shida, usianze na "dada yangu ni makini sana." Hilo umelisema miaka yote. Mwambie, "Dada yangu anateseka."