Kurasa Nilizompa Mama Mkwe Aende Nazo

Alhamisi, tarehe 7 Novemba. Asubuhi ukungu, nyuzi nne, milima haionekani.

Mama Mshauri wa gazeti letu, nimezoea kuanza ukurasa wa shajara yangu kwa tarehe na hali ya hewa, na nimeona nianze hivyo hata kwako, maana nikianza kwa njia nyingine nitalia kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, na jambo lenyewe nakuomba unisaidie kabla ya Jumapili ya tarehe 17, siku tutakayofanya ibada ya kutimiza siku arobaini na tisa tangu afariki mama mkwe wangu, tuliyoitanguliza siku tatu ili iangukie Jumapili.

Nina miaka hamsini na sita, sekondari nimesoma na kumaliza hapa hapa mjini Yokote, na kwa miaka sita iliyopita kazi yangu ilikuwa kumuuguza Mama Kinu, mama wa mume wangu, aliyepooza upande wa kushoto na mkono wake wa kulia ukawa unatetemeka hadi kijiko kinafika mdomoni kitupu, nikawa namgeuza kitandani, namwosha, nampima presha asubuhi na jioni na kuiandika, na mbele ya watu sikulalamika hata siku moja, ingawa ndani ya shajara nililalamika sana. Hatukupendana sana. Yeye aliniona mwanamke asiyejua kukata figili, mimi nilimwona mama asiyejua kusema asante.

Siku mbili kwa wiki gari la kituo cha wazee lilikuwa linakuja kumchukua, na dereva wake ni Bwana Fukase, mtu wa miaka sitini na moja, mpole, asiye na maneno mengi. Aprili ya mwaka jana alimrudisha mama, na nilipoondoa blanketi kwenye kiti cha magurudumu nikakuta manga, kitabu cha hadithi za picha, na juu ya jalada mwanamke anachana nywele mbele ya kioo, ila ndani ya kioo nywele ndizo zinamchana yeye.

"Mama, hiki ni nini?"

"Kitabu. Huna macho?"

"Kinatisha."

"Ndiyo kazi yake. Keti hapo unifunulie, huu mkono wangu haufai kitu."

Basi nikaketi, nikidhani ni kwa siku moja, kumbe ikawa kila baada ya chakula cha mchana, mwaka mzima na nusu, kitabu baada ya kitabu, vyote vya Bwana Fukase, ambaye anavikusanya tangu ujana na huandika jina lake nyuma ya kila jalada. Wachoraji wa vitabu hivi wana hila moja ambayo sikuijua: kwenye kona ya mwisho kabla ya kufunua, chini kushoto, wanamchora mtu akigeuka kutazama kitu, na kitu chenyewe hawakichori, kiko upande wa pili wa karatasi. Hapo ndipo mama alipokuwa ananizuia. "Bado," anasema. "Nikiwa tayari nitakwambia." Nami nangoja na kidole kwenye ukingo wa karatasi, dakika moja, dakika tano, siku nyingine nimekwenda kuosha mchele na kurudi, na siku moja alisema leo hapana, tukakiacha kitabu kifudifudi siku mbili nzima mpaka alipoita kutoka chumbani, "Haya, mlete huyo shetani!" Nilipofunua alimtazama kwa makini, akasema, "Lo, kumbe ana meno kama ya daktari wangu," tukacheka mpaka nikampangusa machozi.

Nilimwuliza kama haogopi. Jibu lake nililiandika siku ile ile, tarehe 9 Mei, nalinakili kama lilivyo. "Naogopa sana. Wewe unanigeuza bila kuniuliza, Sumie. Unaniosha saa nne kwa sababu wewe una nafasi saa nne. Huyu wa humu peke yake ndiye anayengoja ruhusa yangu." Chini ya maneno hayo sikuandika kitu kingine, lakini tangu kesho yake nikawa namwuliza kabla sijamgusa.

Na nikiri kwamba hata mimi nilivipenda. Kinachotisha humo si mapango wala makaburi, ni kabati la magodoro, ni bomba la bafuni, ni jirani anayeleta ubao wa matangazo ya mtaa unaopitishwa nyumba kwa nyumba, huku akitabasamu muda mrefu kuliko inavyopasa. Ni nyumba kama yangu hasa, na mwanamke aliyechoka kama mimi akipita kwenye ukumbi akiwa na beseni, na kuna mtu alikaa akamchora huyo mwanamke kwa uangalifu wote huo, kila mkunjo wa aproni yake, kabla hajamletea shetani. Hakuna aliyewahi kunitazama hivyo.

Tarehe 2 Oktoba, saa tisa alasiri, tulifika ukurasa wa 171, pale mwanamke wa hadithi anasikia ngazi ya nyumba yake imeongezeka kipandio kimoja, naye anageuka. Mama akasema, "Kesho. Leo niache nimuwazie." Asubuhi ya tarehe 3 nilipokwenda kumpima presha alikuwa ameshafariki. Daktari alisema moyo, alikuwa na miaka themanini na tisa.

Sasa sikia nilichofanya. Kuna siku alinitania kwamba akifa kabla hatujamaliza nimpe kilichobaki akamalizie huko, nami nikataka kukiweka kitabu ndani ya jeneza, lakini mhudumu wa tanuru la maiti akanikataza kwa upole kama anavyowakataza watu wote: kitabu kinene hakiungui vizuri, majivu yake yanaganda kwenye mifupa ambayo sisi ndugu huiokota baada ya moto. Nikamwuliza karatasi chache je, akasema chache ni sawa. Nikakata kwa wembe karatasi kumi na nne, kuanzia ile ya 171, yenye 172 mgongoni, hadi mwisho, bila kuzitazama, nikaziingiza chini ya mkono wake ndani ya vazi jeupe. Hakuna aliyeniona. Kitabu kilichokatwa nikakirudisha kitandani pake, na huo ndio upumbavu wangu.

Tarehe 28 wifi yangu Fusako, dada mkubwa wa mume wangu, alikuja kupanga vitu vya mama akakikuta. Akalisoma lile jina nyuma ya jalada.

"Huyu si yule dereva? Huyu ndiye aliyemuua mama!"

"Wifi..."

"Wifi nini? Mzee wa miaka themanini na tisa, moyo mbovu, unampa mashetani asome? Na tazama, mwisho kaukata, anaficha ushahidi!"

Mume wangu Yasunori aliendelea kutafuna figili. Mimi nikamimina chai. Fusako ameshaandika barua kwa mkuu wa kituo kutaka Bwana Fukase aondolewe kazini, na anasema atawasomea ndugu wote siku ya ibada, kisha Jumatatu aipeleke.

Tarehe 2 mwezi huu Bwana Fukase alikuja kumchomea mama ubani, nikamweleza. Akasema, "Bi Sumie, nilimwahidi Mama Kinu sitamwambia mtu anachosoma. Alimwonea haya binti yake. Mimi nitapata gari jingine la kuendesha." Kwa umri ule hatapata, sote wawili tunajua. Hakuuliza hata kitabu chake kiko wapi.

Naomba uniambie mambo mawili. Je, ni mimi niliyemuua? Na je, niseme, nifichue kile mama alichokionea haya, na wifi anitangaze mbele ya ukoo kwamba nilimtisha mama yake mpaka akafa, au ninyamaze na mtu mwema apoteze kazi?

Sumie, Yokote

*

Bi Sumie (majina yote tumeyabadilisha), jibu hili limekufikia kwanza kwa posta ya haraka, na gazetini baadaye kwa ruhusa yako, kwa sababu Jumapili yako haingojei zamu ya ukurasa wangu.

Nianze na lile linalokunyima raha. Ulimpima presha mara mbili kwa siku kwa miaka sita, na siku za kusoma umeziandika pia. Umewahi kuziweka hesabu hizo mbili pamoja? Hujawahi. Unaogopa zisije zikakuondolea hatia uliyokwisha kuizoea. Kesho chukua daftari, nenda kwa daktari aliyemtibu, mwulize uso kwa uso kama mwaka mzima na nusu wa vitabu ulimdhuru. Mimi si daktari. Lakini najua kusoma barua, na katika yako namwona mwanamke aliyekuwa na mtu wa kucheka naye kila siku baada ya chakula cha mchana. Wazee wangapi wa miaka themanini na tisa wanalo hilo?

Mimi vitabu hivyo siviwezi, nikuambie ukweli. Nilinunua kimoja kwa ajili yako, nikakisoma saa sita mchana ndani ya treni iliyojaa watu, na bado nilipofika nyumbani kabati la magodoro nililifungua kwa mguu. Ila nimeelewa kwa nini mama mkwe wako alivitaka. Mtu aliyelala kitandani miaka sita amezungukwa na hofu isiyo na sura: kesho itakuwaje, nani atanishika, nitaondoka lini. Kwenye karatasi hofu inapewa uso na meno, inawekewa mipaka minne ya wino, na inakaa upande wa pili mpaka uiite. Hakuwa akijitesa. Alikuwa anafanya mazoezi, na alikuchagua wewe umshikie karatasi. Lipokee hilo, ndiyo asante aliyokuwa nayo.

Sasa nikugombeze. Chai! Mtu anasingiziwa uuaji mbele yako, kwa kosa la wembe wako mwenyewe, nawe unamimina chai? Bwana Fukase anatunza ahadi aliyompa marehemu. Wewe unajitunza wewe. Usiyachanganye hayo mawili ukayaita uaminifu. Mama Kinu aliona haya binti yake asimcheke. Hakukuomba umfukuzishe mtu kazi ili siri ya vitabu ikae salama. Angekuwa hai, kwa ulimi ule ulioniandikia, angekwambia nini? Unajua vizuri kuliko mimi.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda kwa Fusako kabla ya Jumapili, nyumbani kwake, peke yako. Mumeo mwache na figili zake. Usibebe sanduku la keki za kuombea radhi. Ukibeba keki mtaishia kuzungumza keki. Sema jambo la dereva kwanza, la wembe pili, na usianze kujitetea kwa miaka sita ya kuuguza, hata kama ni kweli. Atakukasirikia, na ana haki: amefiwa na mama, na sasa unakuja kumwambia kwamba hakumjua vizuri. Simama hapo mpaka amalize. Akikataa kuiacha barua, basi siku ya ibada, atakapoanza kuisoma, utainuka useme mbele ya wote, hata sauti ikitetemeka.

Halafu uende kwa Bwana Fukase ukamwambie ulikikata kitabu chake, na umnunulie kingine. Kama utakisoma mwisho wake kabla ya kumpa, au hutakisoma, hilo sikuamulii.

*

Wiki moja baadaye Bi Sumie alitutumia nakala ya ukurasa wa shajara yake. Tunauchapisha bila kuongeza neno.

Alhamisi, tarehe 14 Novemba. Asubuhi theluji ya kwanza, nyepesi, haikukaa chini.

Nimekwenda kwa wifi saa nne. Alifungua mlango, akaitazama mikono yangu mitupu, akasema, "Adabu mmeishiwa huko kwenu?" Nilimwambia yote hapo hapo mlangoni, viatu vikiwa bado miguuni.

"Wewe ndiye uliyekuwa unamfunulia?"

"Mimi, wifi. Bwana Fukase alimwazimisha vitabu tu, na mama mwenyewe ndiye aliyeviomba."

"Na hizo kurasa?"

"Ziko naye. Zimeungua naye."

"Kwa hiyo mimi nimeokota mifupa ya mama yangu pamoja na mashetani yako!"

Alilia amesimama, ameshika fremu ya mlango. Kisha akasema, "Miaka sita nilikuwa namletea vitabu vya picha za maua. Aliniambia ni vizuri."

"Alivitumia, wifi."

"Usinidanganye. Alivitumiaje?"

"Kuwekea kikombe."

Alicheka mara moja, kama mtu aliyechomwa na sindano, akarudia kulia. Nilimpa daftari la presha na maneno ya daktari niliyoyaandika jana, kwamba vitabu havikumdhuru. Aliligeuza geuza bila kusoma. Aliuliza kwa nini mama hakumwambia yeye, binti yake wa kumzaa. Nilisema sijui, na kweli sijui.

Aliingia ndani, nikasikia droo. Akarudi na ile barua ya kituo, akanitia mkononi.

"Ichome wewe. Umezoea."

Nilikuwa nimeshafika barabarani aliponiita. "Jumapili uje mapema, kuna matandiko ya kupanga. Na usinisemeshe mbele ya watu."

Nimemweleza Yasunori wakati wa chakula. Ameweka vijiti chini, hakula tena. Barua nimeichoma uani, imeungua upesi. Kesho Bwana Fukase.

Nalala saa tatu na dakika arobaini usiku.